Samaki Amenasa Kwenye Bomba la Tangi: Namna ya Kumtoa Akiwa Mzima

Ukihesabu samaki wako ukaona mmoja hayupo, na tangi lako ni lile la mabomba, usianze kumtafuta. Chomoa pampu kwanza. Usitosheke na kuzima swichi. Chomoa plagi yenyewe ukutani na uiweke mbali na maji. Hata kama umeme umekatika, chomoa vilevile, tena kwa haraka zaidi, maana huku kwetu Tanga umeme hurudi bila kupiga hodi. Pampu iliyoachwa kwenye plagi huamka papo hapo, mkono wako ukiwa majini na samaki akiwa katikati ya bomba.

Mwongozo huu ni wa matangi yenye tangi la pili chini yake. Utayakuta kwenye sebule za watu, kwenye mapokezi ya nyumba za wageni kule Raskazone, hata kwenye vyumba vya kusubiria vya zahanati. Maji hushuka kutoka tangi la juu, hupita kwenye vichujio vilivyofichwa kabatini, kisha pampu huyarudisha juu. Ili tuelewane, bomba linaloteremsha maji nitaliita bomba la kushusha, na linaloyarudisha nitaliita bomba la kupandisha. Kile kijisanduku chenye meno juu, ambacho maji humwagikia kabla ya kuingia bombani, ni kisanduku cha kona. Lile la kabatini ni tangi la chini.

Kwa nini huingia humo

Wengine huingia kwa sababu wameumbwa kupenda matundu. Mkunga makazi yake ni pango la mwamba, kwa hiyo mdomo wa bomba ni mahali anapopafahamu. Kambare hutembea usiku akipapasa kwa sharubu zake kila upenyo. Kuna samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika, kitaalamu Neolamprologus multifasciatus, anayeishi na kuzalia ndani ya makombe matupu ya konokono. Ukimweka kwenye tangi lisilo na makombe ya kumtosha, usishangae akijitafutia nyumba kwenye bomba. Wengine hukimbia kupigwa: samaki mdogo anayefukuzwa na mkubwa huruka meno ya kisanduku cha kona, na akishatumbukia mle hana pa kwenda ila chini.

Sababu nyingine watu wengi hawaijui, na inahusu kukatika kwa umeme. Pampu ikisimama, maji yaliyomo kwenye bomba la kupandisha huanza kurudi nyuma kwa uzito wake, na mdomo uliokuwa unatoa maji ndani ya tangi la juu hugeuka kuwa mdomo wa kuvuta. Samaki mdogo aliyelala karibu nao huvutwa kuelekea kwenye pampu. Umeme ukirudi kabla hujachomoa, akiwa na bahati atatupwa juu tena. Akiwa amefika kwenye mapanga ya pampu, hakuna tena wa kumwokoa.

Hatua ya kwanza: chomoa, weka ndoo, na usiguse koki

Pampu ikishasimama, maji ya juu huendelea kushuka mpaka yalingane na meno ya kisanduku. Tangi la urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 45, likishuka sentimita 3 tu, linateremsha lita 16 na ushei. Kama tangi la chini limejaa, hayo yataishia sakafuni. Kuwa na ndoo ya lita 20 karibu, teka maji ya tangi la chini uyahifadhi. Maji hayo usiyamwage. Utayahitaji baadaye, na ni bora kuliko maji yoyote utakayoyaleta kutoka nje.

Sasa koki. Mtu akiogopa, mkono wake hukimbilia koki ya bomba la kushusha aifunge ili samaki asiende mbali zaidi. Tafadhali usifanye hivyo. Kwanza, ukiifunga wakati pampu bado inafanya kazi, maji hayana pa kushukia na tangi la juu litafurika. Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, koki nyingi za mabomba ya plastiki ni zile mafundi wanazoziita boli valvu. Ndani yake mna tufe lenye tundu katikati, na ukigeuza mpini, kingo za tundu lile hukata chochote kilichomo. Samaki wengi hukwama hapohapo kwenye koki, kwa kuwa tundu la tufe mara nyingi ni jembamba kuliko bomba lenyewe. Mpaka umjue alipo, acha kila koki kama ulivyoikuta.

Hatua ya pili: mtafute kwa mwanga

Anza na sehemu rahisi. Tazama sakafuni nyuma ya kabati, kwani aliyeruka nje huangukia huko. Tazama chini ya mawe na nyuma ya mimea. Kisha fungua kabati, uangalie soksi ya kuchujia na kila chumba cha tangi la chini. Samaki wengi wanaodhaniwa wamenasa huwa wameshateremka salama na wanaogelea huko gizani, wakila masalia ya chakula. Huyo mchote kwa wavu laini umrudishe, kazi imekwisha.

Kama hayupo kote huko, basi yupo kwenye kisanduku cha kona au ndani ya bomba. Zima taa za chumba na za tangi, washa tochi na umulike kutoka mdomo wa bomba kwenda chini. Pale ambapo kichwa chako hakifiki, shusha simu juu ya mdomo wa bomba ukiwa unarekodi video na taa yake imewashwa, kisha itazame video taratibu. Ifunge simu kwa kamba mkononi ili isitumbukie.

Nikupe mfano wa maongezi ya simu na mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, maana yana karibu kila kitu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Yule samaki wangu mweusi simwoni tangu alfajiri, na maji ya kile kisanduku yamepanda."

"Pampu inazunguka?"

"Inazunguka."

"Chomoa kwanza mama, halafu tuongee. Koki usiiguse."

"Haya, nimechomoa. Nigonge bomba asikie?"

"Usigonge, mama. Zima taa, umulike kwa tochi ya simu."

Kimya kidogo, kisha akasema anaona mkia. Ulikuwa umbali wa kiganja hivi kutoka mdomo wa bomba, ukipepea polepole kushoto na kulia, na ubavuni kulikuwa na magamba mawili yaliyosimama. Kichwa kilikuwa chini.

Dalili aliyoitaja mwanzoni ishike: maji ya kisanduku cha kona yakipanda kuliko kawaida, au mlio wa maji ukibadilika kutoka mtiririko kuwa kukoroma, bomba la kushusha limezibwa na kitu. Na kuhusu kugonga, samaki ana mstari wa hisia ubavuni unaopokea kila mtikisiko wa maji. Ukigonga bomba, hajui kwamba unamwita. Anajikaza na kusogea ndani zaidi.

Hatua ya tatu: jua kichwa kimeelekea wapi

Ukishamwona, zuia mkono usiushike mkia. Samaki ameumbwa kupita akienda mbele. Magamba yake yamelala kuelekea nyuma, mapezi yake hukunjika kuelekea nyuma, na vifuniko vya matamvua hufunguka kuelekea nyuma. Akiingia kichwa mbele kwenye bomba linalombana, kila kitu mwilini mwake kimelala vizuri. Ukimvuta kwa mkia, kila kitu kinasimama: magamba yanang'oka, mapezi yanapasuka, na vifuniko vya matamvua vinatanuka na kukwama kwenye ukuta wa bomba. Kadiri unavyovuta ndivyo unavyomkaza. Mkia unaweza kukubaki mkononi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nayo huwaambia hata mafundi bomba wanaoitwa kusaidia: samaki hutolewa kwa mbele, na anayemtoa ni maji. Kama kichwa kiko chini, fungua bomba upande wa chini. Kama kichwa kiko juu, mlete juu. Kama ameingia kinyumenyume, ambalo hutokea kwa mkunga na kambare wanaogeuka ndani, basi ashukuriwe Mungu, maana ameshaelekea mlangoni.

Usitumie waya, kijiti wala fimbo ya ufagio kumsukuma. Usimpulizie kwa kompresa. Na usimimine sabuni wala mafuta ati ateleze. Sabuni huharibu matamvua, na samaki aliyetoka bombani akiwa na sabuni kwenye matamvua hajaokoka.

Hatua ya nne: mpe hewa akiwa bado ndani

Hili husahaulika kabisa. Bomba lenye uwazi wa milimita 25 ndani, kila mita moja hubeba takriban nusu lita ya maji. Kwa joto la nyuzi 30, ambalo kwetu pwani ni la kawaida, lita moja ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, iliyoshiba hewa ina takriban miligramu 7.5 za oksijeni, na maji ya bahari huwa na pungufu zaidi. Nusu lita ina chini ya miligramu 4. Samaki aliyetaharuki huvuta hewa kwa kasi, na akiba hiyo haimfikishi mbali.

Chukua mpira mwembamba wa pampu ya hewa, uutumie kuvuta maji ya tangi la juu, na uache yachirizike polepole ndani ya bomba alimonasa. Si mapovu, ni maji. Mapovu humtisha na yanaweza kukusanyika mahali alipo akabaki mkavu. Wakati huohuo weka jiwe la hewa, lile la kutoa mapovu, kwenye tangi la juu, kwa sababu wenzake nao hawana tena mzunguko wa maji. Kama umeme haupo, teka maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu kila baada ya dakika chache. Hapo tayari umepata muda, na kazi inayofuata utaifanya kwa utulivu.

Hatua ya tano: mtoe

Kama yupo kwenye kisanduku cha kona na hajaingia bombani, ziba mdomo wa bomba kwa sifongo safi kabla ya kitu kingine chochote. Kisha jaza kisanduku maji ya tangi taratibu mpaka yavuke meno. Kisanduku kiwe giza, na kwenye tangi uache mwanga hafifu upande wa mbali. Wengi huvuka wenyewe. Asiyevuka mchote kwa kitambaa cha chandarua kipya kisichotiwa dawa. Chandarua chenye dawa kiweke mbali kabisa na tangi, dawa ile huua samaki kwa kiwango kidogo sana.

Kama yupo kwenye bomba la wima na kichwa kiko juu, tumia ndoo. Fungua bomba la kushusha pale linapoingia tangi la chini, huku umeziba mwisho wake kwa kiganja au kizibo maji yasimwagike. Unganisha mpira wa maji kwenye mwisho huo na uufunge kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, ambao hubana kuliko kamba yoyote. Ncha ya pili ya mpira itumbukize kwenye ndoo ya maji ya tangi, mpira wote ukiwa umejaa maji bila hewa. Sasa inua ndoo polepole. Maji ndani ya bomba hupanda mpaka yalingane na usawa wa maji ya ndoo, kwa hiyo wewe ndiye unayeamua yapande kiasi gani. Ukifika usawa wa mdomo wa bomba, inua sentimita chache tu zaidi, na maji yatatiririka juu kwa upole yakimsindikiza. Akitulia, tulia naye. Ndoo ishikwe na mtu wa pili, kwa sababu lita 15 mikononi kwa muda huo si mchezo.

Kama kichwa kiko chini, kama yule wa mama wa nyumba ya wageni, anashuka. Weka chini ya bomba beseni lenye maji ya tangi ya kutosha mwisho wa bomba uzame kabisa, ili asiangukie hewani. Fungua yunioni, yaani kiungo cha bomba cha kufungua kwa mkono, kama ipo, kisha mimina maji kutoka juu kwa kikombe, kidogo kidogo. Yule mweusi alikaa bila kusogea kwa muda, halafu akateremka kwa mara moja hadi kwenye beseni, akasimama pembeni akihema.

Angalizo kwa wale wenye bomba la kusimama ambalo halijagundishwa, lile la kuchomeka tu kwenye tenki konekta, kiungo kinachopitisha bomba kwenye tundu la tangi. Ukilichomoa juu, maji yote ya kisanduku cha kona hushuka kwa nguvu pamoja na chochote kilichomo. Kwa hiyo kabla ya kulichomoa funga soksi ya kuchujia au wavu laini kwenye mwisho wa chini, ndani ya maji ya tangi la chini.

Kwenye elbo, yaani kiungo cha kona ya bomba, ndipo kazi hukaza, kwa sababu mwili wa samaki hukunjwa na hana nafasi ya kujisukuma. Kama elbo ni ya kufungua, ifungue upande wa kichwa. Kama imegundishwa, hakuna njia ila kukata, na usichelewe kwa kuonea bomba huruma. Mabomba yapo tele kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi huko Ngamiani.

Kata mbali naye, angalau sentimita 15 mbele ya kichwa na kiasi hichohicho nyuma ya mkia, utoke na kipande kizima. Tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, polepole, huku mtu mwingine ameshikilia bomba lisitetemeke. Pale ambapo msumeno hauingii, mafundi bomba hukata kwa uzi imara wa nailoni: unazungushwa kwenye bomba na kuvutwa huku na huku mpaka joto la msuguano lipenye plastiki. Njia hii ni nzuri kwenye kona za kabati, ila ifanye mbali zaidi na samaki kwa sababu ya joto.

Kipande kikitoka, kizamishe kwenye beseni la maji ya tangi, kifunike kwa kitambaa cheusi, uondoke. Mara nyingi samaki hutoka mwenyewe akiona hakuna mtu. Asipotoka baada ya nusu saa hivi, chora mistari miwili kwa msumeno kwenye urefu wa bomba, mmoja kila upande, bila kupenya hadi ndani, kisha pasua kwa kupenyeza bisibisi bapa kwenye mstari na kuizungusha. Bomba hufunguka vipande viwili na samaki hubaki huru. Wakati wote huo awe amelowa maji.

Aliyevutwa kwenye kichujio cha pampu akagandia ubavu, huyo usimbandue. Pampu ikishazimwa, mvuto huisha na hujiachia mwenyewe. Ukimbandua kwa vidole, ngozi hubaki kwenye kichujio.

Wale wa kushughulikia kwa tahadhari

Kambare ana miiba miwili kwenye mapezi ya kifuani, na akiogopa huisimamisha na kuifunga isikunjike. Kumvuta nyuma hakuwezekani kabisa. Ila ana jambo moja la kumsaidia: huvuta hewa ya juu kwa kiungo maalumu kilicho karibu na matamvua, hivyo ndani ya bomba lenye unyevu na hewa anaweza kuvumilia kwa saa nyingi. Usimharakishe. Perege hana kiungo hicho. Perege na kambare wakinasa siku moja, anza na perege.

Bunju akitishwa hujaza maji tumboni akavimba, na akivimba ndani ya bomba huwa kizibo. Usimguse. Zima taa, acha maji yachirizike, msubiri anywee. Hakikisha bomba lina maji wakati wote, kwa sababu akivimba kwa hewa huweza kushindwa kuitoa.

Tasi ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni. Si ya kuua mtu, lakini maumivu yake wavuvi wa pale Deep Sea, hapa Tanga, watakuhadithia. Vaa glavu nene. Ukichomwa, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia bila kuungua, yasizidi nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Ukiona kizunguzungu, uvimbe unaopanda au shida ya kupumua, nenda hospitali. Kangaja naye ana kisu kikali kila upande wa shina la mkia, sababu nyingine ya kuuacha mkia wake. Na mkunga huuma. Huyo mwekee kipande kingine cha bomba kipana, cheusi, mbele ya kichwa chake. Ataingia mwenyewe, nawe utambeba humo.

Hatua ya sita: baada ya kutoka

Usimrudishe kwenye tangi moja kwa moja. Wenzake humpiga aliye dhaifu. Mweke kwenye ndoo au beseni pana lenye maji ya tangi lake, jiwe la hewa, na kifuniko kinachoacha hewa ipite. Giza humtuliza.

Akionekana kama amekufa, mlaze ubavu taratibu ndani ya maji na utazame jicho. Kwa samaki aliye hai, mwili ukiinamishwa jicho hujaribu kubaki sawa na upeo. Kwa aliyekufa jicho hugeuka pamoja na mwili. Kama lina uhai, mshikilie wima, mdomo ukielekea mtiririko mdogo wa maji, na umwache hivyo. Watu wengi humvuta huku na huku kama wanaosuuza nguo. Akienda nyuma, maji hupita kinyume kwenye matamvua na humchosha zaidi.

Samaki wa maji baridi aliyechubuka husaidiwa na chumvi kidogo: gramu 2 kwa kila lita, yaani gramu 30 kwa lita 15, takriban vijiko vitano vya chai. Iyeyushe pembeni kwanza, uimimine kwa awamu ndani ya saa moja. Samaki wa baharini huyo hana haja nayo. Siku ya kwanza usimpe chakula. Badilisha robo ya maji kila siku kwa maji ya tangi lake, au kwa maji ya bomba yaliyotolewa klorini na kufikia joto lile lile. Tazama michubuko: kwa siku mbili tatu za mwanzo ndipo utando mweupe wa kuvu huanza. Matamvua yawe mekundu. Yakiwa meupe au yanatoa damu, hali yake ni mbaya.

Kuna asiyeweza kupona, aliyevunjika uti wa mgongo au kukatwa na koki. Kumwacha ahangaike si huruma. Mafuta ya karafuu, ambayo sisi majirani wa Pemba hatuyatafuti mbali, hulalisha samaki hadi kufa bila maumivu. Tikisa matone kumi kwa kila lita kwenye chupa yenye maji kidogo ya vuguvugu mpaka yawe meupe, yamimine kwenye chombo alimo, na usimtoe mpaka matamvua yawe yamesimama kwa dakika 10 au zaidi.

Hatua ya saba: rudisha bomba, na uzibe njia

Vichujio vyako vina bakteria wanaogeuza amonia ya uchafu wa samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti. Bakteria hao huhitaji maji yenye hewa. Wakati bomba liko wazi, hamisha vichujio kwenye ndoo ya maji ya tangi yenye jiwe la hewa, la sivyo utaokoa samaki mmoja kisha upoteze wote kwa amonia.

Pale ulipokata, weka yunioni badala ya kugundisha moja kwa moja. Siku nyingine utafungua kwa mkono. Gundi ya mabomba iache ikauke saa 24, kabati likiwa wazi, ndipo usuuze na kupitisha maji.

Kwenye kila mdomo wa bomba vaa chekecheke ya plastiki. Matundu yake kwa jumla yawe mapana kuliko mdomo wenyewe. Mdomo wa milimita 25 una eneo la milimita za mraba 491, hivyo tundu la milimita 3 kwa 3 linatakiwa kujirudia mara 55 ili lilingane nao tu. Weka 200, kwa kuwa majani na mwani vitaziba baadhi. Kama tangi lina bomba moja tu la kushusha, weka la pili la dharura lililo juu kidogo kabla ya kuvisha chekecheke, maana chekecheke iliyoziba ni mafuriko. Usitumie wavu wa waya wa madirishani: zinki na shaba huyeyuka kidogo kidogo na ni sumu kwa samaki, na kwa kamba wale wa majini ndiyo zaidi.

Kwenye bomba la kupandisha toboa tundu la milimita 4, sentimita moja au mbili chini ya usawa wa maji. Umeme ukikatika, maji yakishuka kidogo tundu huvuta hewa na mvuto wa kurudi nyuma hukatika. Lisafishe kwa njiti kila wiki, mwani hulipenda.

Kisha jaribu. Washa pampu maji yazunguke, halafu chomoa plagi kama vile umeme umekatika. Simama uangalie mpaka maji yaache kushuka kabisa. Yakiwa yametulia bila kumwagika, washa tena, subiri usawa wa tangi la chini urudi mahali pake, na uchore hapo mstari kwa kalamu isiyofutika. Kila ukiongeza maji, usivuke mstari huo.